Mshipa Gani?

Wewe, shingo yako unampa nani?

Usicheke kwanza. Simu yako, hata ndugu yako wa tumbo moja akiishika kidogo tu, unaanza kukohoa. Lakini shingo, kitu chembamba kinachobeba kichwa kizima pamoja na ujanja wako wote, unamkabidhi kinyozi, unafumba macho, unamwambia: haya, vunja. Nayo inalia krak, na wale wawili waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu wanatikisa vichwa kwa heshima: "Eeh, hiyo imeingia."

Twiga alimpa shemeji yake. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, baada ya kunyolewa.

Twiga ni jina alilopewa kazini. Alikuwa fundi wa dari. Fundi wa dari hufanya kazi akiangalia juu tangu asubuhi mpaka jioni, ubao wa jipsamu ukiwa umelala kichwani na mabegani, mkono mmoja ukiusukuma juu, mwingine ukiendesha drili, na vumbi jeupe likimshukia machoni kama unga. Yeye shingo yake ilikuwa ndefu tangu kuzaliwa. Wenzake walisema Mungu alimuumba kwa vipimo vya kazi. Walipokuwa wakila mchana, walimtania: "Twiga, angalia kule mbele, bosi amefika wapi?" Naye alikuwa anainuka kweli, anachungulia juu ya ukuta ambao haujapakwa lipu, anajibu, "Bado yuko kwenye simu, kuleni taratibu."

Shemeji yake ndiye kinyozi. Watu walimwita Kufuli, maana hakupenda kusema kwamba anavunja shingo. "Navunja mimi ni jambazi?" alikuwa akiuliza. "Mimi nafungua kufuli. Wiki nzima umejifunga, umebeba watoto, umebeba bosi, umebeba mwenye nyumba. Kaa hapa nikufungue." Alikuwa anamaliza kunyoa, anapangusa kisogo kwa spiriti, anaweka kiganja kimoja chini ya kidevu na kingine nyuma ya kichwa, anakizungusha kichwa polepole kama mtu anayetafuta namba ya redio. Halafu ghafla. Krak. Kulia. Krak. Kushoto. Mteja anafumbua macho kama aliyezaliwa upya. Kibanda kizima kinacheka.

Kufuli alikuwa kaka mkubwa wa mke wa Twiga. Walifiwa na wazazi wangali wadogo, na yeye ndiye aliyemlea dada yake, akimsuka nywele kwa vidole vilevile vilivyokuja kuwa vya kinyozi, mpaka akawa mwalimu wa chekechea. Kwa hiyo nyumbani kwa Twiga, jina la Kufuli halikutajwa kwa sauti ya juu. Mke akisema "kaka amesema," mjadala umefungwa.

Mwezi ule Twiga alikuwa akifunga dari ya ukumbi wa mikutano. Ukumbi mpana, dari ndefu, na mwenye kazi alitaka imalizike kabla ya wageni wake kufika. Siku tisa mfululizo Twiga hakuteremka jukwaani ila kwa chakula. Jumamosi ilipofika, shingo ilikuwa ngumu kama mpini. Alikaa kwenye kiti cha shemeji yake hata kabla ya kusalimia.

"Shemeji, leo tumia funguo zote."

Krak ya kulia ilikuwa ya kawaida. Ya kushoto haikuwa. Alihisi kitu nyuma ya sikio, ndani kabisa, kama uzi unavyokatika ndani ya pindo la suruali. Kukawa na moto kidogo.

"Umeisikia hiyo?" Kufuli aliwaambia wa kwenye benchi. "Hiyo ilikuwa imejifungia tangu mwaka jana."

Siku nne ule moto haukuzimika. Ulipanda kutoka shingoni ukakaa nyuma ya kichwa, upande wa kushoto, mahali palepale, mchana na usiku. Mkewe, ambaye hata mumewe alimwita Mwalimu, alimwambia aende hospitali. "Kwa sababu ya shingo?" alijibu. "Nikifika pale nikasema naumwa shingo, si wataniambia nipunguze kuangalia wanawake?" Mwalimu hakucheka. Jumatano jioni alienda tena kwa shemeji, safari hii shingo upande kwelikweli. Kufuli aliipapasa, akasema haijakaa sawa, kuna kipande kimebaki. Dawa ya moto ni moto. Akaizungusha tena.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Twiga akiwa juu ya jukwaa, kwikwi ikamshika. Wenzake wakamtania kwamba kuna mtu anamsema. Alipotaka kujibu, aliona drili mbili mkononi mwake, na ulimi ukawa mzito kama kitambaa kilicholowa. Alisema neno. Mwenzake wa chini akauliza, "Nini?" Alilisema tena. Halikutoka neno, ilitoka sauti. Magoti yakaachia. Bahati yake, mwenzake mwingine alikuwa karibu naye jukwaani, akamdaka kiunoni.

Alipozinduka, aliona dari.

Alidhani bado yuko kazini. Akataka kuinua mkono apanguse vumbi machoni. Mkono haukuja. Akautuma ule mwingine. Nao haukuja. Akaita. Hakuna kilichotoka, hata pumzi ya kuitia. Alihisi kila kitu: shuka, mrija puani, kiwiko kilichobanwa vibaya chini ya ubavu. Alisikia kila kitu. Mwili wake wote ulikuwa umelala palepale, mzima, mzito, na yeye alikuwa ndani yake kama mtu aliyefungiwa ghalani, anayesikia watu wakipita nje na hana hata ngumi ya kugongea mlango. Kitu kimoja tu kilimtii. Macho. Nayo si yote: kulia yalikataa, kushoto yalikataa. Yaliweza kupanda juu, kushuka chini, kufumba na kufumbua. Basi.

Na ile dari, jamani! Hilo ndilo lililomuuma zaidi siku zile za kwanza. Aliyeifunga alikuwa mwizi wa mchana. Maungio mawili hayakuonana, skrubu zilikuwa wazi kama meno ya kizee, na pembeni palikuwa na doa la maji lenye umbo la kandambili. Fundi mzima wa dari, miaka kumi na mitano kazini, amelazwa chali chini ya kazi mbovu ya mtu mwingine, hawezi kuigeuzia kisogo.

Muuguzi alimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili. Alimgeuza vizuri, kwa upole, akiongea na mwenzake kuhusu zamu. Jirani wa kitanda cha pili, fundi baiskeli aliyevunjika mguu, alimsifu kwa wageni wake: "Huyu bwana ni jirani mwema sana. Tangu aje, hajanibishia hata neno moja." Watu walicheka. Twiga naye alicheka, huko ndani, na kicheko hakikupata pa kutokea.

Siku ya nane, asubuhi, daktari alikuja na wanafunzi wake. Walisimama kuuzunguka mguu wa kitanda, wakaongea juu yake kama watu wanaoongea juu ya meza.

"Mshipa wa damu, nyuma ya shingo," alisema daktari. "Ukuta wake umechanika kwa ndani. Damu imeingia kwenye mpasuko, ikaganda, donge likapanda mpaka kwenye shina la ubongo likaziba. Ndiyo kiharusi chenyewe. Bado ni kijana, presha hana, sukari hana."

"Chanzo, daktari?" aliuliza mwanafunzi mmoja wa kike.

"Wakati mwingine hakionekani. Lakini mara nyingi shingo imegeuzwa kwa nguvu. Ajali. Mieleka. Hata hawa vinyozi wanaovunja watu shingo. Huyu asiguswe shingo kabisa. Ikigeuzwa tena, mpasuko utaongezeka, na hatutakuwa na mgonjwa."

"Anatusikia?"

Daktari alimmulika kwa tochi, jicho la kulia, jicho la kushoto. "Sidhani," alisema. Wakahamia kitanda cha pili.

Sidhani! Mtu amesoma miaka saba, anashika uhai wa watu mkononi, na hakuweza kuinama akauliza, "Bwana, unanisikia?" Maneno mawili. Mgonjwa si samani. Lakini tumezoea kuongea juu ya vichwa vya wanyonge, tukisema hawaelewi, na wao wanaelewa kila kitu isipokuwa kwa nini hatuwaulizi.

Twiga alielewa. Ule uzi uliokatika ndani ya pindo. Kulia, kushoto. Alilala pale na ukweli wake mpya, na katika familia nzima alikuwa mtu pekee aliyeusikia.

Mchana huo daktari alikutana na Mwalimu kwenye korido. Alikuwa na haraka. Alimwambia, "Ni mshipa wa shingo, mama. Umechanika. Tunampa dawa, tuombe Mungu." Akaenda zake.

Sasa, neno mshipa kwetu ni kama nyumba moja yenye wapangaji wengi. Humo anakaa mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Humo unakaa mshipa unaokaza nyuma ya mguu ukilala vibaya, na ule unaoteguka ukibeba gunia, na hata ule wa aibu ambao wazee hawautaji mbele ya wakwe. Ukigonga mlango ukasema "mshipa," anatoka yule unayemjua. Na Mwalimu alikulia nyumbani kwa mtu mwenye mshipa wake mmoja tu.

Saa kumi alasiri, muda wa kuona wagonjwa, alikuja na kaka yake. Twiga aliwasikia kabla hawajafika kitandani.

"Mshipa?" Kufuli alikuwa akisema. "Dada, siku zote hizi unalia kumbe ni mshipa? Si ungeniambia! Mshipa ndiyo kazi yangu."

"Daktari amesema umechanika, kaka."

"Umechanika, umeteguka, ni yaleyale. Umetoka mahali pake. Hawa wanasoma vitabu, mkono hawana." Uso wake ukatokea juu ya Twiga, mpana, wenye huruma kweli, macho mekundu ya mtu aliyelia njiani. "Shemeji wangu. Twiga wangu. Umelala hivi kwa sababu ya mshipa, na mimi niko hai? Nitakufungua."

Akanyoosha mikono. Twiga alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na wodi ikabaki kimya. Muuguzi akapita na kigari cha dawa, akasimama kitanda cha jirani. Kufuli akarudisha mikono mfukoni.

"Hawa hawapendi ukiingilia kazi yao," alinong'ona. "Kesho. Akishagawa dawa, muuguzi huwa anatoka kwenda kuandika. Dakika moja tu inanitosha."

Tangu hapo mpaka kesho yake alasiri ni saa ishirini na nne. Twiga alizipitia moja moja. Alihesabu skrubu za ile dari, akazimaliza, akaanza upya. Kila muuguzi alipopita alipandisha macho, akashusha, akapandisha. Mmoja aliona, akamwambia mwenzake, "Macho yanamcheza," akamwekea dawa ya matone. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mdomo ulikuwa chini ya maji.

Siku ya pili Mwalimu alitangulia kufika. Alikuwa ametoka moja kwa moja shuleni, chaki bado kwenye ukucha. Alikaa, akamshika mkono ambao haukuweza kumshika, akaanza kumgombeza, kama nyumbani.

"Umenyamaza. Umezoea. Nikikuuliza umechelewa wapi, kimya. Nilikwambia nenda hospitali, ukanifanyia mzaha. Haya, fanya mzaha sasa. Niko hapa. Nifanyie mzaha, baba." Alifuta pua kwa ncha ya kanga yake, akavuta pumzi, na labda kwa uchovu tu, labda kwa sababu mdomo wa mwalimu huenda wenyewe mahali unapozoea kwenda, akasema yale maneno anayowaambia watoto arobaini kila asubuhi wakipiga kelele:

"Anayenisikia afumbe macho."

Twiga akafumba.

Kiti kikalia.

"Anayenisikia afumbue."

Akafumbua. Mwalimu alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Anayenisikia," alinong'ona, "afumbe mara mbili."

Moja. Mbili.

Usingoje nikuelezee alivyolia. Alilia kama watu wanavyolia. Fundi baiskeli aliinuka kwenye kiwiko akauliza kuna nini, na Mwalimu akamjibu, "Yumo! Mume wangu yumo humu ndani!" Halafu akajifuta uso, maana kengele ya darasa ilikuwa imelia kichwani mwake. Akakaa wima. Alijua la kufanya kuliko hospitali nzima.

"Sikiliza. Kufumba ni ndiyo. Nitakusomea silabi. Nikifika kwenye mstari wako, fumba. Halafu nitaupanda mstari, a, e, i, o, u, tukifika, fumba tena. Umeelewa?"

Akafumba.

"Ba. Cha. Da. Dha. Fa. Ga..." Alisoma kwa wimbo, kama anavyowafundisha, kidole kikipiga hewani ubao usiokuwepo. Twiga alingoja. Alikuwa na maneno ya kutosha kitabu, lakini angeanza na lile kubwa. Mlango wa wodi ukalia, na kwa sauti ya viatu alijua Kufuli ameingia. Haraka, Mwalimu. Haraka. "Sa. Sha." Akafumba. "Sha, she, shi." Akafumba. "Shi! Endelea. Ba, cha, da..." Mpaka nga. "Nga, nge, ngi, ngo."

Akafumba.

"Shi-ngo. Shingo! Shingo inauma?"

Ilikuwa inauma. Inauma sana. Akafumba.

"Kaka! Kaka, njoo! Anaongea! Amesema shingo!"

Kufuli alitupa mfuko chini. Alipiga kiganja juu ya kiganja. "Si nilikwambia? Si nilikwambia mimi? Mwenyewe anaiomba!"

Ndipo Twiga alipojua jinsi mtego unavyoweza kuwa na chumba kingine ndani yake. Muuguzi alikuwa ametoka kwenda kuandika. Kufuli alisugua mikono mpaka ikapata joto, akasogea kichwani, na ile harufu ya spiriti ikashuka. Kiganja kimoja kikaingia chini ya kidevu. Kingine kikapita nyuma ya kisogo, taratibu, kwa mapenzi.

"Shemeji, nikufungue?"

Hofu ilimjia kama inavyokujia wewe na mimi: ilitaka afumbe macho. Kope zilikuwa zinashuka zenyewe. Na kufumba ni ndiyo. Neno pekee alilokuwa nalo duniani lilikuwa ndiyo. Akayashika macho wazi. Yakawaka, yakaanza kutiririka, naye akayashika wazi. Akayapandisha juu mpaka mboni zikafichika.

"Anaangalia juu," alisema Mwalimu.

"Twiga gani asiyeangalia juu?" Kichwa kilikuwa kimeanza kuzunguka, polepole, upande wa kulia. Anatafuta namba ya redio.

"Subiri, kaka."

"Dakika moja, dada."

"Kaka, subiri! Hajafumba. Umemuuliza, na hajafumba."

"Kwa hiyo mtu akikodoa ndiyo amekataa?"

"Sijui. Ngoja nimuulize." Sauti ilikuwa ya darasani, ile ambayo hata wakaguzi huinyamazia. "Toa mikono kwanza."

Hakuitoa. Alisimamisha tu kichwa pale kilipofika. Mwalimu akaanza tena. Twiga alikuwa akiwaza kusema kufuli, na papo hapo akaona: ku-fu-li, nao wangesema anaomba kufunguliwa. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa na mlango wa nyuma. Alitafuta neno lisilo na mlango wowote, fupi.

"Au ni irabu? A, e..."

Akafumba kwenye a. Halafu kwenye mstari wa cha, palepale mwanzoni.

"A-cha," alisoma Mwalimu. Alirudia kwa sauti ndogo. "Kaka. Anasema acha."

Mikono ya Kufuli ilitoka kama iliyoguswa na pasi.

"Acha nini? Mimi? Anamwambia mimi?"

"Baba, kwa nini?" Mwalimu aliinama. "Daktari amesema mshipa. Mshipa si kazi ya kaka? Ba, cha, da..."

Akafumba. "Da." Akafumba. Halafu wakatembea pamoja mpaka mstari wa ma, wakapanda mpaka mu.

"Damu," alisema Mwalimu. Alikaa akilitazama lile neno kama limeandikwa kwenye shuka. "Damu. Mshipa... wa damu?"

Alifumba, akakaa amefumba.

Muuguzi alirudi. Mwalimu alimuuliza bila salamu, "Dada, mume wangu ni mshipa gani umechanika?"

"Wa damu, mama." Muuguzi alishangaa. "Kwani mlidhani mshipa gani?"

"Unachanikaje?" Kufuli aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mbali.

"Wengine ajali. Wengine wamegeuzwa shingo vibaya. Imeandikwa kwenye faili, asiguswe shingo." Akaangalia mto, akaona kichwa kimelala upande ambao yeye hakukiacha. "Nani amemgeuza?"

Mwalimu alikuwa akimtazama mumewe. Alikuwa mwanamke mwepesi wa hesabu, na hesabu hii ilikuwa fupi: Jumamosi, Jumatano, Alhamisi. Twiga aliona swali likija, na alitamani lisije. Kwa nafsi yake alikwisha kupona alasiri ile. Neno acha lilimtosha. Lakini kesho Jumamosi, benchi litajaa watu.

"Ni kufuli?" Mwalimu aliuliza. "Ile Jumamosi. Ni kaka?"

Angeweza kukodoa. Ingekuwa hapana, au ingekuwa kitu chochote. Alimtazama shemeji yake, aliyekuwa amesimama mguuni pa kitanda, mikono yake mikubwa ikining'inia. Halafu akafumba macho.

Alipofumbua, Kufuli alikuwa anaokota mfuko wake.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Miaka kumi na mmoja nakunyoa wewe, sijawahi hata kukukwaruza. Halafu unafumba macho? Unanifumbia macho mimi?" Alimgeukia dada yake kana kwamba yeye ndiye mwamuzi, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu wazazi wao wafe, hakumjibu kaka yake kitu. Akaondoka akigonga vigari vya watu.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wamekiinua kitanda upande wa kichwa. Sasa walijua kwamba yumo. Kwa mara ya kwanza Twiga aliiona wodi badala ya dari: safu mbili za vitanda, na mwisho wake, mbele yake moja kwa moja, sinki la kunawia na kioo kilichopasuka pembeni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, anamkata kucha. Saa tatu daktari aliingia na wanafunzi wake, na kabla hajafika kitanda cha kwanza, Kufuli aliingia nyuma yao. Haikuwa saa ya wageni. Alivaa koti lake jeupe la kazi, na labda ndiyo maana mlinzi alimpisha.

"Daktari, mimi ndiye kinyozi," alisema, kwa sauti ya ugomvi.

"Kinyozi gani?"

"Aliyemgeuza huyu shingo. Nimekuja unionyeshe. Usiniambie mshipa, mshipa. Mshipa gani? Unapita wapi? Nimeshika shingo za watu tangu sijaota ndevu, na sijawahi kuuona."

Daktari aliangalia saa. Akamwangalia mtu mwenyewe. Sijui nini kilimwingia. Labda ni wanafunzi kumtazama. Alitoa kalamu mfukoni.

"Geuka. Shusha kola."

Akachora. Wino wa buluu ulianzia juu ya bega, ukapanda nyuma ya shingo mpaka chini ya fuvu. "Huku unapita ndani ya mifupa, kwenye matundu, kama waya kwenye bomba. Hapa juu unapinda, ndipo uingie kichwani. Ukigeuza kichwa ghafla, unavutwa hapa."

"Upande mmoja?"

"Zote mbili."

"Chora na wa pili."

Daktari akachora na wa pili. Mwanafunzi wa kike aliandika kitu. Wakahamia kitanda kingine.

Kufuli hakumwangalia shemeji yake wala dada yake. Alitembea mpaka kwenye sinki. Alifungua mfuko wake, akatoa kioo kidogo chenye mpini, kile anachowaonyeshea wateja kisogo, akaligeuzia mgongo lile sinki, akakiinua mbele ya uso na kukisogeza mpaka vioo viwili vikaonana. Pale akasimama. Twiga aliiona mistari miwili ya buluu kwenye kioo cha ukutani, na katikati yake shingo nene.

Fundi baiskeli alifika kwa magongo yake, mswaki mdomoni.

"Kaka," alisema, "tunaomba bomba."

Kufuli hakusogea.